Kaseti Moja ya Kwenda na Kurudi

Mama alipougua ndipo tulipogundua kwamba hakuna mtu katika familia yetu aliyebaki na sauti yake. Picha tunazo, hata zile ambazo amefumba macho. Sauti hatuna.

Nilikuwa Kigoma dada yangu aliponipigia simu. Mimi ni mtu wa kuondoka. Tangu nimalize sekondari sijakaa mwaka mzima katika mji mmoja ila mara mbili, na mara zote mbili ni ugonjwa ulionishika. Nimeuza viatu Uvira, nimepakia saruji Kalemie, nimezunguka na madereva wa malori mpaka nikajifunza kulala nimekaa. Dada alisema mama ameanguka jikoni, mkono wa kulia hauna nguvu, na maneno yamekwisha. Nilidhani ana maana kwamba mama amekasirika na hataki kuongea.

"Apana, yaya," akasema, maana mimi ndiye kaka yake mkubwa. "Maneno yenyewe. Yamekwisha."

Nikarudi Bujumbura. Nilipanga chumba Kinama, kwa sababu nyumba ya dada kule Ngagara, anakoishi mama, imejaa watoto, na kwa sababu nikilala kwa mtu siku tatu naanza kutazama mlango. Kila asubuhi nilitembea kwa miguu mpaka Ngagara. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti chake karibu na dirisha, amefungwa kitenge kipya, kama mtu anayesubiri gari. Alisikia kila kitu. Alicheka penye kuchekesha. Lakini akifungua kinywa ilitoka sauti moja tu, "e-e," na hiyo ilikuwa ndiyo, na hapana, na niletee maji, na funga mlango.

Siku moja dada alikuwa anaosha vyombo uani, mimi nimesimama tu, sijui pa kuweka mikono. Akaniambia bila kugeuka kwamba alikuwa na ujumbe wa mama kwenye simu, wa sauti, mfupi mfupi: umenunua chumvi, mtoto ameamka, uje mapema. Halafu simu ikaandika kwamba mémoire imejaa, haina pa kuweka kitu. Alitaka nafasi ya video za arusi ya jirani. Akafuta.

"Kwa kidole changu mwenyewe," akasema. "Siku chache mbele mama akaanguka. Sasa usiku nafungua simu naangalia arusi ya watu."

Akakausha mikono, akanigeukia.

"Lakini we una kaseti."

Nilikuwa nayo. Ilikuwa chini kabisa ya begi langu, ndani ya soksi, kwa muda wa miaka ishirini hivi. Shida ni kwamba sikujua ndani yake kuna nani.

Lazima nieleze jinsi tulivyoitumia. Wakati ule mama aliishi Nyakabiga na alikuwa na redio kaseti ya spika moja aliyoachiwa na mdogo wake. Mimi nilikuwa ng'ambo, Uvira kwanza, baadaye mbali zaidi. Mama hakupenda kuandika. Alisema kalamu inamfanya aonekane mjinga. Kwa hiyo alirekodi. Aliongea, akafunga kaseti kwenye mfuko wa plastiki, akampa mama mmoja aliyekuwa akivuka mpaka kila siku na sabuni na kurudi na mafuta ya mawese. Ikinifikia nilitafuta mtu mwenye redio, nikasikiliza, kisha nikaongea juu yake na kuirudisha.

Kaseti ilikuwa moja tu. Upande wa pili ulikuwa na nyimbo za kwaya ya kanisa lake, na huo hatukuruhusiwa kuugusa. Upande wetu ulikuwa wa dakika thelathini. Mama akinijibu, alirudisha mkanda mwanzo na kuongea juu ya maneno yangu. Nami nikimjibu, niliongea juu ya yake. Niliwahi kumwambia nitanunua nyingine, moja yake na moja yangu, naye akakataa kabisa.

"Kaseti yangu ikirudi, najua umesikia," alisema. "Na najua uko muzima. Ukituma ingine, hiyo ni ya duka, haijui kitu."

Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba tunafuta. Tuliita kujibu.

Nikitazama nyuma, naona kwamba ile mashine ilimfundisha mama kazi ambayo hakujua kuwa ni kazi. Dakika thelathini ni nyingi kwa mtu anayesema niko salama. Na mama hakuwa tayari kutuma mkanda ambao haujajaa. Kwake ilikuwa kama kumpa mtu sahani nusu. Kwa hiyo salamu zilipokwisha, na habari za jirani zilipokwisha, alibeba redio kwa mkono, akatembea nayo. Aliipeleka kwenye mashine ya unga nisikie mkanda wa mpira ukipiga. Aliiweka dirishani mvua ikianza. Kisha akaanza kunifumbia. "Sikia," anasema. Inakuja sauti fulani. "Hii ni nini? Utanijibu." Kulikuwa na moja nilisikiliza mara nane, nikiwa Uvira, watu watatu tumeinamia redio, mmoja anasema ni kuku, mwingine anasema ni cherehani. Ilikuwa mtoto wa jirani anakula muwa.

Mimi sikuwa na ufundi huo. Nilirekodi nimesimama. Nilishika redio ya mtu, gari linaunguruma, nikasema yangu, nikabonyeza kuzima. Sidhani kama niliwahi kujaza hata robo ya upande. Na yale mafumbo yake sikuyajibu, au nilijibu moja kati ya matano.

Halafu simu za mkononi zikafika, nami nikawa wa kwanza kununua. Nilimpigia kupitia simu ya jirani nikiwa Kalemie. Nikamwambia, mama, sasa tumeendelea, kaseti basi. Akaniuliza: "Sasa kaseti yangu iko wapi?" Nikasema ninayo, nitaileta. Aliniuliza tena mwezi uliofuata, na mwingine. Baadaye akaacha kuuliza. Kwenye simu alikuwa mtu mwingine, anasema haraka, anapiga kelele, anaogopa kunimalizia salio. Niko salama, we? Haya.

Hiyo ndiyo kaseti iliyokuwa kwenye soksi. Zamu ilikuwa yangu. Lakini je, nilikuwa nimeshajibu? Nilikumbuka nimeketi juu ya gunia Kalemie na redio ya dereva mapajani. Sikukumbuka kama ilikuwa zamu ile au ile ya nyuma yake. Kama nilikuwa sijarekodi, mama yumo mzima, dakika thelathini. Kama nilirekodi, nilikuwa nimemfunika mama kwa mkono wangu, nami nimezunguka miaka yote hiyo nimejibeba mwenyewe ndani ya soksi.

Nilianza kutafuta mashine Nyakabiga, kwenye vile vibanda vya kutengeneza simu. Kijana wa kwanza aliipokea kaseti, akaigeuza.

"Mukubwa, hii inachajiwa wapi?"

Mwenzake akasema, "Chajia kwa babu yako." Wakacheka sana, nami nikacheka, kisha nikaenda kibanda kingine, na kingine. Kila mtu alitaka kuishika. Hakuna aliyekuwa na kitu cha kuiingiza. Mwanamke mmoja muuza betri ndiye aliyenielekeza kwa mzee nyuma ya soko la Kinama, kumbe ni dakika kumi kutoka chumbani kwangu.

Fundi huyo alikuwa na miwani yenye mguu mmoja. Upande wa pili alikuwa amefunga waya wa shaba. Redio zilipangwa ukutani kwake mpaka darini. Hakucheka. Aliinua kaseti kwenye mwanga, akatikisa kichwa.

"Sponji imeanguka. Ungeweka hii kwa mashine, ingekula mukanda yote. Uliweka wapi hii kitu?"

"Kwenye soksi, muzee."

"Yenye kuvaliwa?"

Alifungua skrubu tano ndogo, akahamisha mkanda kwenye ganda la kaseti nyingine, polepole, akishikilia pumzi. Mimi nilikaa, nikasimama, nikatoka nje, nikarudi. Nilitoka tena. "We," akasema bila kuinua macho, "kama unataka kukimbia, kimbia, mi nitaita." Alipomaliza aliichomeka kwenye redio kubwa nyeusi yenye namba tatu ndogo zinazozunguka mkanda unapokwenda. Akaziweka sifuri sifuri sifuri. Akabonyeza.

Kelele kidogo. Kisha: "Mama, ni mimi. Niko muzima, nakula vizuri."

Ilikuwa sauti ya kijana mwembamba. Sauti yangu. Nikakalia kreti ya soda.

"Kaseti yako nimesikia yote, aksanti," akaendelea yule kijana. "Ile ya mwisho ya kunifumba sikufahamu, nitafikiri. Sasa dereva ananiita. Umuambie dada avae sweta. Mama, hapa kuna baridi ya ziwa lakini si mbaya..." Alijizungusha hivyo, hana la kusema, huku honi inapiga nyuma. Nilimchukia. Nilitaka kumziba mdomo. Kila neno lake lilikuwa limekaa juu ya neno la mama, na maneno yenyewe yalikuwa sweta na baridi.

"Zima, muzee," nikasema.

"Ngoja."

"Nimeshajua. Zima."

"Ngoja, nakuambia."

Kijana akasema haya mama, baki vizuri. Ikaja tik. Na mara ile ile, katikati ya neno, mama:

"...ngu akasema haiwezekani, mi nikamuambia inawezekana, twende tukaone."

Fundi aliangalia namba. Sifuri nane moja. Alichukua kalamu akaiandika kwenye kiganja changu, si chake.

"Hapa ndiyo ulichoka," akasema. "Kuanzia hapa mpaka mwisho ni mama. Ungekuwa mutu wa maneno mingi ungemumaliza."

Kabla sijajibu alichukua bisibisi, akavunja kile kipande kidogo cha plastiki kwenye mgongo wa kaseti. Sasa hakuna mashine itakayokubali kurekodi juu yake, alisema. Mtu atabonyeza mpaka kidole kimuume. Nilimshukuru. Nilimwomba redio kwa siku moja. Akanitazama, akatazama begi langu, nadhani aliona ni begi la mtu asiyerudi. Akanyoosha mkono.

"Acha simu."

Nikaacha simu, nikapanda Ngagara na redio begani.

Dada alikuwa peke yake na mama. Watoto walikuwa shuleni. Nilimwambia dada asiseme kitu. Nikaweka redio juu ya meza mbele ya mama, nikapeleka mkanda mpaka namba iliyoandikwa kiganjani mwangu, nikabonyeza. Dada alisogeza simu yake karibu arekodi.

Mama alijisikia akiongea.

Sijui nieleze vipi uso wake. Kwanza alitazama mlangoni, kama kuna mgeni. Kisha akamtazama dada. Kisha akaanza kutikisa kichwa kufuata maneno, kama mtu anayesikiliza hotuba anayokubaliana nayo. Sauti ilikuwa inaeleza ugomvi wa ukuta kati ya majirani wawili wa Nyakabiga, inaigiza mmoja, inaigiza mwingine. Dada alikuwa analia na kucheka. Kisha simu yake ikalia, tii, akaitazama.

"Mémoire," akasema. "Imejaa! Yaya, imejaa tena!" Akaanza kubonyeza, anafuta hiki, anafuta kile. "Arusi, toka. Toka!"

Kwenye mkanda mama alikuwa anasema: "Sasa nimemaliza maneno, lakini hii kitu ingali inazunguka. Sitakutumia tupu. Ngoja." Hatua za kandambili. "Sikia. Hii?" Kitu kama mvua ndogo juu ya bati. "Ni maharage, nachagua mawe. Hiyo nimekuambia bure. Sasa sikia ya kweli."

Ikaja sauti ya chuma, kwii, ndefu, halafu pa. Tena, kwii, pa.

"Hii ni nini? Utanijibu."

Na mkanda ukaishia hapo, kitufe kikaruka chenyewe.

Ile ndiyo niliyosema sikuifahamu. Kijana juu ya gunia hakuifahamu. Lakini mimi, nikiwa nimeketi kwenye nyumba ile, niliifahamu kabla haijarudia. Ni sanduku langu la bati la shule ya bweni. Bawaba moja ilipinda nikiwa mwaka wa pili, na tangu siku hiyo kifuniko kililia hivyo. Lilikuwa chini ya kitanda cha mama, hatua sita kutoka tulipokaa. Alikuwa amehama nalo kutoka Nyakabiga.

Sikupata nafasi ya kusema. Mama alikuwa ameinua mkono wa kushoto, ule unaofanya kazi. Akarudisha mkanda mpaka mwanzo, akasubiri, kidole juu ya kitufe, jinsi alivyokuwa akisubiri zamani. Kisha akapeleka vidole viwili kwenye vitufe viwili, kile chekundu na jirani yake, akavibonyeza pamoja.

"Mama, apana!" dada akapiga kelele. "Utafuta!"

Kitufe chekundu hakikushuka. Akabonyeza tena, kwa nguvu, mpaka redio ikasogea mezani. Akaniangalia. Nimeangaliwa na mama kwa hasira, na kwa hofu, lakini ile nilikuwa sijawahi kuiona. Alikuwa amesikia barua, na zamu ilikuwa yake, na mtu amemfungia mlango.

"Muzee alivunja ile plastiki," nikamwambia dada. "Ili isifutike."

"Vizuri sana alifanya."

Mama akasema, "E-e." Akabonyeza mara ya tatu.

Nilisimama. Nilikwenda mpaka mlangoni, kweli nilikwenda, nikatazama barabara ya quartier, mtaa wa dada, watu wakipita na mikate. Ningeweza kusema nakwenda kurudisha redio. Kigoma kulikuwa na dereva aliyeniahidi nafasi wiki ile. Kisha nikatazama kiganja changu, namba bado ipo, imechanganyika na jasho. Sifuri nane moja.

Nikamwomba dada skochi, utepe wenye gundi wa kufunikia madaftari ya watoto. Nilikata kipande, nikakibandika juu ya tundu la ile plastiki iliyovunjwa, nikakikandamiza kwa ukucha. Dada alinielewa, akanishika mkono.

"Yaya. Ukichelewa kuzima, utamufuta mama. Na simu haijachukua hata nusu."

"Sitachelewa."

"We? Hujawahi kukaa dakika kumi tangu uzaliwe."

"Sitachelewa, mudogo wangu. Hapo mwanzo ni mimi tu. Anaweza kunifuta."

Nikarudisha kaseti ndani. Mama akabonyeza, na safari hii kitufe kikashuka. Namba zikaanza. Nilipiga magoti kando ya meza, kidole changu juu ya kitufe cha kuzima, macho kwenye namba.

Mama akafungua kinywa. "E-e," akasema. Akasema tena, ndefu, kwa sauti ya mtu anayesalimia. Kisha e-e ya haraka haraka, kwa mkono, akionyesha dirisha, akimwonyesha dada, na nikatambua kwamba anatoa habari. Alikuwa anapanga kama zamani: salamu, kisha majirani. Sifuri mbili nane. Goti langu liligonga sakafu, na hiyo nayo imo. Sifuri nne tano. Alipochoka alimpiga dada begani, akaonyesha chumbani. Dada hakuelewa. Mimi nilielewa lakini sikuweza kuondoka.

"Sanduku," nikamwambia dada kwa kunong'ona. "Ukafungue sanduku."

Akaenda. Kutoka chumbani ikaja kwii, pa.

"Ni sanduku langu, mama," nikasema karibu na redio. "Nimekujibu."

Mama akacheka. Kicheko hakikuguswa na ugonjwa. Kilikuwa chake chote. Sifuri saba mbili. Alikuwa bado anacheka. Nilitaka acheke mpaka mwisho, na nilijua mbele yake kuna ule ukuta wa Nyakabiga, na majirani wawili, na maharage. Sifuri saba saba. Nilibonyeza.

Dada alirudi, akarudisha mkanda kidogo, akabonyeza kucheza, akasikiliza mpaka kicheko kilipokatika, mabaki ya maneno ya kijana wa Kalemie yakapita sekunde moja mbili, "baki vizuri," na mama wa zamani akaingia na neno lake la nusu. Akaketi chini sakafuni.

Siku ile ile alifuta arusi yote, akanakili sauti ya mama yote kwenye simu. Mama hakujali. Yeye alikuwa ameshatoa kaseti, ameomba mfuko wa plastiki kwa ishara, ameifunga kwa mkono mmoja na meno, na ananipa. Niliipokea nikaiweka kwenye sanduku la bati, mahali pake, nikafikiri. Akaita, e-e, kwa ukali. Nikaitoa. Nikampa dada aitunze. Mama akamnyang'anya, akanirudishia, akaisukuma kifuani kwangu, akaonyesha mlango.

Ilinichukua muda. Hakutaka itunzwe. Alitaka iende na irudi.

"Nitairudisha Jumamosi, mama," nikasema.

Nilishuka Kinama na redio begani na kaseti kwenye mfuko wa shati. Haijawahi kufunga safari fupi hivyo. Fundi alinirudishia simu. Ndani kulikuwa na ujumbe wa dereva, anauliza kama nakuja. Nilimwambia Jumamosi siwezi. Sikumwambia Jumamosi ngapi, maana sijui. Nimeomba redio tena, na safari hii muzee hakutaka simu, alitaka begi.